Almasi Iliyogoma Kutulia

Profesa alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mifukoni, akasema, "Rudia."

Nikarudia. Ilikuwa mara ya tano asubuhi ile. Nilibonyeza kitufe, leza ya kijani ikaanza kuipiga almasi, na kwenye skrini nukta zikaanza kujipanga moja moja kutoka kushoto. Mwanzoni zilikaa juu, kama zinavyotakiwa. Kisha zikaanza kushuka mapema mno, na kabla hazijafika robo ya njia zilikuwa zimelala chini kabisa. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilisikia pumzi zake.

"Na ile grafu ya kwanza," akasema, "ile uliyonipa ukasema iko tayari kupelekwa kwa watahini. Uliitoa wapi?"

"Hapa hapa, Profesa. Meza hii hii."

"Kwa almasi hii?"

"Hii hii."

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akatoka. Aliufunga mlango taratibu sana, na utaratibu ule ndio ulionitisha. Nilikuwa nimemfahamu tangu mwaka wangu wa kwanza wa shahada. Akikasirika kidogo hupiga kelele. Akinyamaza, jambo limekwisha kuamuliwa kichwani mwake.

Kesho yake nikakuta barua mezani kwangu. Ilikuwa na aya tatu. Aya ya kwanza ilisema vipimo nilivyowasilisha havijaweza kurudiwa. Ya pili ilisema kamati itakaa Alhamisi ya wiki inayofuata kuchunguza uhalali wa takwimu zangu. Ya tatu ilinitaka nisiguse faili zozote za zamani kwenye kompyuta ya maabara. Nilisoma neno "uhalali" mara nyingi. Nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji, nikashindwa hata kulia.

Maabara yetu iko Kibaha, kwenye jengo la nyuma la chuo kimoja. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya vitabu. Tuliziba madirisha kwa mbao zilizopakwa rangi nyeusi, tukaweka meza nzito, na kwa miaka mitatu nikawa naingia humo asubuhi na kutoka jioni, nikirudi kwenye chumba changu cha kupanga Maili Moja, macho yakiuma kwa kutazama mwanga mwekundu hafifu unaotoka kwenye jiwe.

Jiwe lenyewe halikuwa la pete. Lilikuwa kipande bapa cha almasi ya kutengenezwa kiwandani, kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya almasi kama ile kuna mahali ambapo chembe moja ya kaboni haipo, na jirani yake amekaa nitrojeni. Katika pengo hilo hukaa elektroni zenye tabia ya sumaku ndogo mno, na tabia hiyo ndiyo inayoitwa spini. Ukiipiga spini kwa leza ya kijani, inatulia upande mmoja. Ukiipiga tena kwa mawimbi ya redio mafupi sana, kwa kipimo sahihi, unaiweka katika hali ambayo haiko juu wala chini, bali iko kotekote kwa wakati mmoja. Hali hiyo ni dhaifu kupita kiasi. Inadumu kwa kipande kidogo cha sekunde, kisha inavurugika. Dunia nzima ya kompyuta za kwanta inahangaika na kipande hicho, kukirefusha angalau kidogo.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya kinachoivuruga. Sisi huita kelele, ingawa si sauti. Ni usumaku wowote unaobadilika karibu na spini. Mwingine unatoka ndani ya jiwe lenyewe, kwa sababu baadhi ya chembe za kaboni nazo ni visumaku vinavyogeukageuka. Hiyo ndiyo niliyoisoma kwa miaka mitatu. Grafu niliyompa Profesa ilionyesha spini zetu zikidumu muda mrefu kiasi kwamba kilichobaki kuzivuruga ni jiwe tu. Ilikuwa grafu nzuri. Sasa spini zile zile zilikuwa zikifa katika robo ya muda ule.

Nilianza kwa kujishuku mwenyewe. Hili sikumwambia mtu wakati ule. Nilikaa kitandani kwangu Maili Moja mchana kutwa, nikikumbuka siku zile tatu nilizopima vizuri, nikijiuliza kama nilichagua zile nilizozipenda na kuziacha nyingine. Unaweza kudanganya bila kukusudia. Unafuta kipimo kimoja ukisema labda meza ilitikisika, unafuta cha pili ukisema labda leza haijapata joto, na mwisho unabaki na unachokitaka. Je, nilifanya hivyo? Sikuwa na uhakika. Kutokuwa na uhakika kulinitesa kuliko barua.

Mtu pekee niliyemweleza habari ya barua alikuwa fundi wetu wa maabara, mzee wa miaka sitini na kitu aliyestaafu kazi ya umeme serikalini, akaja kwetu kwa mkataba. Alinisikiliza hadi mwisho huku akivuta waya kutoka kwenye kiboksi.

"Ulidanganya?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Basi kuna kitu kimebadilika. Tukitafute."

Tulianza Alhamisi ya wiki ile ile. Tulibadilisha nyaya zote, moja baada ya nyingine. Tuliazima leza nyingine. Tulifungua kifaa cha mawimbi tukakipuliza vumbi. Kila baada ya badiliko nilibonyeza kitufe, na kila mara nukta zikaporomoka mahali pale pale. Nilianza kuogopa kubonyeza. Fundi akaliona hilo, akasema, "Acha nibonyeze mimi."

Nyuma ya ukuta wetu, ng'ambo ya uzio, kuna karakana ya kuchomelea mageti. Ijumaa nikaenda kuwaomba wasimamishe kazi kwa nusu saa. Msimamizi wao, mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu, alinitazama kama nimepungukiwa na akili.

"Nusu saa? Kwa nini?"

"Napima kitu. Mashine zenu zinanisumbua."

"Sauti?"

"Si sauti. Sumaku."

Alicheka, lakini akapiga mluzi, na mashine zikazimwa. Nilikimbia kurudi. Nukta zikasogea mbele kidogo, kidogo tu, kisha zikaanguka. Kwa hiyo karakana ilikuwa na mchango wake, lakini mkosaji mkubwa alikuwa bado yumo chumbani.

Jumamosi fundi akaja na koili aliyoifuma mwenyewe kwa waya mwembamba wa shaba, kubwa kama sahani ya wali. Aliiunganisha na osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, akaanza kutembea nayo polepole chumbani. Kila alipokwenda, wimbi lile lile lilionekana kwenye kioo, likipanda na kushuka mara hamsini kwa sekunde. Umeme wa nyumbani. Katikati ya chumba lilikuwa dogo. Alipofika ukuta wa kulia, wimbi likajaa kioo chote.

"Humu," akasema, akigonga plasta kwa kifundo cha kidole.

"Kuna waya?"

"Hakuna waya. Kuna bomba la maji. La chuma, la zamani."

Aliniambia niende kuzima meni swichi ya jengo zima. Haikuwa rahisi. Mlinzi alikataa mpaka nilipompigia simu msimamizi wa zamu aje atoe ruhusa ya dakika kumi. Nikazima. Feni zikasimama, jengo likanyamaza. Nikarudi mbio. Fundi alikuwa bado anashikilia koili, osiloskopu ikitumia betri yake ndogo, na wimbi lilikuwa bado lipo, kubwa vile vile.

"Umeme wa majirani," akasema. "Mtu huko juu ameunganisha vibaya. Badala ya kurudi kwenye waya wake, umeme unarudi kwa bomba. Unapita hapa, unakwenda zake. Ukizima kwenu hauuzimi."

Mbinu tunayotumia kupima inaitwa mwangwi. Katikati ya kipimo unazigeuza spini, ili kelele ya taratibu iliyozisukuma upande mmoja izirudishe ilikozitoa. Inafanya kazi vizuri kwa kelele ya taratibu. Lakini mkondo ule kwenye bomba ulikuwa na nguvu, na ulikuwa unabadilika haraka kiasi kwamba kabla kipimo hakijaisha ulikuwa umekwisha kuwa kitu kingine. Nikapiga hesabu juu ya meza kwa penseli. Ilitosha kabisa kuua spini zetu katika robo ya muda.

Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikakumbuka kwamba bomba lile lilikuwapo humo tangu kabla sijazaliwa.

"Sasa mbona mwanzo nilipata vizuri?" nikamuuliza.

Fundi alikaa kwenye kiti, akaiweka koili magotini. Kisha akauliza, "Siku zile ulizopima, umeme ulikuwapo?"

Zilikuwa siku za mgao. Mtaa wote ulikuwa unakatiwa tangu asubuhi mpaka alasiri, karakana, nyumba, maduka, kila kitu. Nilikuwa nafanya kazi kwa betri zilizokuwa chumba cha mwisho cha korido, mbali na almasi. Majirani walikuwa hawana umeme wa kupitisha kwenye bomba. Bila kujua, nilikuwa nimepima katika ukimya ambao hautokei hapa siku za kawaida.

Nikafungua daftari la maabara. Nilikuwa nimeandika tarehe, saa, joto la chumba, nguvu ya leza, nafasi ya sumaku. Sikuwa nimeandika kwamba natumia betri. Sikuandika hata siku moja. Nikapekua simu, nikakuta ujumbe mmoja nilioutuma kwa fundi: "Umeme umekata tena, mzee, nimehamia betri." Tarehe ilikuwa ya siku moja kati ya zile tatu. Kwa hizo nyingine mbili sikuwa na chochote.

Jumatatu nilibisha hodi ofisini kwa Profesa. Hakuniambia nikae. Nilimweleza bomba, koili, mgao, betri. Nikamwonyesha simu.

"Ujumbe wa simu si kipimo," akasema.

"Najua, Profesa."

"Na daftari linasema nini?"

"Halisemi."

"Halisemi." Aliegemea kiti. "Mada yako ni kelele. Umekaa miaka mitatu unaandika juu ya kelele, na hukuandika kama swichi ilikuwa imewashwa au imezimwa."

Nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekipanga njiani, ingawa sauti yangu haikutoka nilivyotaka. "Nipe siku moja. Nitapima mahali pasipo na umeme kabisa. Njoo uone kwa macho yako. Ikishindikana, sitajitetea mbele ya kamati."

"Wapi?"

"Vihingo, Kisarawe. Kwa mama yangu mdogo. Nguzo za umeme zimeishia mbali na kwake."

"Nitakuja," akasema. "Na daftari nitaandika mimi. Wewe hutashika kalamu."

Tuliondoka Jumanne kulipopambazuka, kwa pikapu ya Profesa, almasi ikiwa kwenye kiboksi nilichokipakata mapajani. Fundi alikaa nyuma na betri tatu na meza ndogo ya leza iliyofungwa kwa magodoro. Tulipofika Mlandizi tukakata kushoto kuingia barabara ya vumbi. Profesa hakuwasha redio wala hakusema neno. Kila gari liliporuka kwenye shimo, niliwazia vioo vyangu vya kuelekeza leza vikihama mahali pavyo, na kazi ya saa nyingi ya kuvilenga upya. Nilitaka kumwomba apunguze mwendo. Sikuthubutu.

Mama mdogo alikuwa anatungojea uani. Ni mjane, analima mihogo na kunde na ana mikorosho kidogo upande wa bondeni. Nilikuwa nimempigia simu Jumatatu, nikamwambia nahitaji chumba kwa siku moja na nakuja na bosi wangu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?" Akamgeukia Profesa. "Karibu, baba. Karibuni nyote. Huyu mtoto mnamlisha kweli huko?"

"Tunajitahidi, mama," Profesa akasema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Kibaha.

Tulifunga vifaa kwenye chumba cha mbele, chenye bati juu na sakafu ya saruji. Tuliziba dirisha kwa blanketi. Kulenga vioo kulichukua saa tatu. Ilipokaribia adhuhuri nilikuwa nimeloa jasho, lakini mwanga mwekundu ulikuwa unatoka kwenye jiwe na kifaa cha kupokea kilikuwa kinauona. Profesa alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, daftari gotini, kalamu mkononi.

"Anza," akasema.

Nikabonyeza. Nukta zikajipanga juu, tatu, nne, tano. Kisha zikaanguka, mapema kuliko Kibaha.

Nilisikia kalamu ya Profesa ikiandika. Nilijua anaandika nini. Nikafikiria Alhamisi. Nikafikiria kumpigia mama simu na kumwambia wamenifukuza.

"Inveta iko wapi?" fundi akauliza, akiwa ameinama. Kisha akajijibu mwenyewe kwa hasira. "Mimi ndiye mjinga. Iko chini ya meza."

Inveta ndiyo inayoubadilisha umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Tuliiweka chini ya meza kwa sababu waya ulikuwa mfupi, na hapo ilikuwa inatoa kelele ile ile tuliyoikimbia, sentimita arobaini kutoka kwenye almasi. Fundi akaunga waya juu ya waya, akaibeba inveta na betri mpaka nyuma ya nyumba, karibu na shimo la taka.

Tukarudia. Safari hii nukta zilikaa juu, zikaendelea, zikapita mahali zilipokuwa zikifia Kibaha. Zikapita nusu. Kisha zikaanza kutawanyika, moja juu, moja chini, bila mpango, na mwanga ukawa unadhoofika. Si kwamba spini zilikuwa zinakufa. Zilikuwa zinatuponyoka.

"Hii nayo nini?" Profesa akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua.

Nikagusa kishikilia sumaku kilichokuwa kando ya almasi. Kilikuwa cha moto. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati, na chumba kilikuwa kama tanuri. Sumaku ikipata joto, nguvu yake hupungua kidogo, na kile kidogo kinatosha kuzisogeza spini mbali na mawimbi tunayozipiga nayo. Kila dakika tulikuwa tunalenga mahali ambapo hazipo tena.

"Joto," nikasema. "Tunahitaji mahali pa baridi."

"Tusubiri jioni?" fundi akauliza.

Betri ya kwanza ilikuwa imekwisha. Ya pili ilikuwa nusu, na baada yake imebaki moja tu. Leza na kompyuta zikiwa zinaendelea kula, jioni tusingekuwa na kitu. Kuzizima kulimaanisha kuanza upya kulenga kila kitu zikipoa.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amesikia yote. "Mnataka baridi?" akasema. "Si kuna jiko langu?"

Jiko lake liko uani peke yake, kuta za udongo nene, paa la makuti, dirisha dogo moja kama shimo. Sufuria la kunde lilikuwa linachemka ndani. Aliingia, akaipua sufuria, akavuta kuni nje moja moja na kuzizima kwa mchanga, akafagia majivu, akamwaga maji sakafuni. Alifanya hivyo bila kuombwa na bila kuuliza. Baada ya nusu saa hewa mle ndani ilikuwa kama ya kisimani.

Tuliibeba meza watu wanne, ikiwa wima vile vile ilivyo, leza ikiwaka. Mimi na fundi upande mmoja, Profesa na mama mdogo upande wa pili, hatua moja, pumzika, hatua moja. Profesa alikuwa amekunja mikono ya shati. "Taratibu, mama," alikuwa anasema. "Mimi niko taratibu," mama mdogo akamjibu, "wewe ndiye unakimbilia." Vioo viwili tu vilihama. Nilivilenga nimepiga magoti kwenye udongo ulioloa, na nilipomaliza nilikuwa tayari kubonyeza kitufe mwenyewe. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka kuogopa.

Mama mdogo akauziba mlango kwa khanga mbili na kuzishikilia kwa nje. Giza likawa kamili, ila skrini.

"Mnafanya nini na hilo jiwe?" akauliza kutoka nje.

"Tunaangalia linatulia muda gani, mama mdogo."

"Haya. Mimi nanyamaza."

Nikanyoosha kidole, lakini Profesa akanishika mkono. "Nibonyeze mimi," akasema.

Akabonyeza. Nukta zikaanza juu. Zikafika pale zilipofia Kibaha, zikapita. Zikafika nusu, zikapita. Zilishuka polepole, kwa mteremko laini niliokuwa nimeukariri kwa miezi, na zikafika mwisho wa skrini zikiwa bado hai. Nilikuwa nautambua mteremko ule kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Ilikuwa grafu yangu.

Nilisubiri.

"Tena," Profesa akasema, na akabonyeza tena. Ikaja ile ile. Akabonyeza mara ya tatu, na ilipofika katikati betri ya mwisho ikaisha, leza ikazimika, skrini ikabaki na nukta zilizosimama njiani. Tulikaa gizani, sote watatu, tukihema. Mama mdogo akaondoa khanga, mwanga ukatuumiza macho.

"Limetulia?" akauliza.

"Limetulia, mama," Profesa akasema.

Aliandika daftarini kwa muda mrefu, akiwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Kisha akanipa daftari na kalamu, akaniambia nisome niweke sahihi. Alikuwa ameandika kila kitu: inveta chini ya meza, joto la bati, jiko, khanga, betri iliyokufa katikati. Vipimo viwili kamili na kimoja nusu. Hakuandika sifa yoyote.

Tulikula kunde na mihogo. Mama mdogo alikataa tuondoke bila kula.

Wakati wa kurudi, baada ya Mlandizi, niliona nisipouliza nitakaa na swali lile maisha yangu yote. Barabara ya lami ilikuwa imejaa malori, tunakwenda polepole.

"Profesa, ulidhani kweli nilidanganya?"

Hakugeuka. Alisubiri lori lililokuwa mbele yetu litoe nafasi, akalipita, akarudi upande wake.

"Ndiyo," akasema. "Nilidhani. Niliandika barua ile nikiamini." Kisha, baada ya muda, "Na wewe ulidhani hivyo hivyo. Nilikuona usoni."

"Ndiyo."

"Kosa lako ni daftari, na ni kosa kubwa. Lakini langu ni kwamba sikuja kuangalia ukuta. Nilikuangalia wewe tu."

Hilo ndilo lililokaribia kuwa ombi la msamaha. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilishangaa kuikuta ndani yangu, nzito, sasa hofu ilipoondoka. Niliangalia dirishani mpaka Maili Moja, nikashuka na kiboksi changu, nikamshukuru kwa adabu.

Alhamisi kamati ilikaa kwa muda mfupi. Profesa alisoma daftari kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na sehemu iliyosema kwamba mtafiti alikosa kuandika chanzo cha umeme. Nilitakiwa kuandika sura mpya ya tasnifu juu ya kelele za nje, kuiambatisha na ramani ya chumba kile, na kurudia vipimo vyote kwa utaratibu huo. Nikafanya. Ilinichukua miezi saba ya ziada, safari nyingine nne za Vihingo, na mama mdogo akawa anapika nje siku hizo bila kulalamika. Sura ile sasa ndiyo inayosomwa zaidi na wanafunzi, kuliko zote nilizoziandika kwa raha.

Lakini barua ya kwanza ilikuwa imekwisha kuzunguka. Ya pili, ya kamati, iliyonisafisha, ilichelewa na ilisomwa na wachache. Mwezi mzima baada ya kikao cha kamati, mwenzangu mmoja wa idara nyingine alinisimamisha kwenye ngazi, akanipa mkono, akasema kwa nia njema kabisa, "Nasikia lile jambo lako limeisha. Hongera. Wengine huwa hawasamehewi."

Nilishika mkono wake. Nilitaka kumwambia sikusamehewa, kwa sababu hapakuwa na cha kusamehe. Alikuwa ameshapanda ngazi tatu zaidi. Nikamwita, akageuka, na pale pale kwenye ngazi, watu wakipita na majalada yao, nikaanza kumweleza habari ya bomba.